Mabano, Binti wa Mvunja Daraja

Anaitwa Mabano, binti wa Mvunja Daraja, mjukuu wa Mfua Vyuma. Babu yetu Mfua Vyuma aliletewa chuma na watawala wa zamani, akaambiwa afue pingu za kuwafungia majirani zake, akasema mikono inamuuma. Ikamuuma mpaka siku aliyokufa, ingawa majembe aliendelea kuyafua vizuri tu. Baba yetu Mvunja Daraja aliingia msituni na wenzake, akaliangusha daraja la reli lililokuwa likipitisha askari. Na Mabano, mdogo wangu wa tumbo moja, hakufua wala hakuvunja. Yeye aliandika. Aliandika kifungu kimoja cha sheria, mistari michache, na kwa mistari hiyo watu walioniulia mume wangu walisimama mbele ya hakimu. Wenye digrii zao wameandika vitabu kuhusu mkataba ule na hawakumtaja popote. Basi namtaja mimi, dada yake mkubwa, niliyeishia darasa la saba.

Mabano si jina alilopewa na mama. Nitafika huko.

Nianze na ukuta wa posta. Nilikuwa na umri wa kutumwa dukani, na Mabano nimembeba mgongoni. Ukutani, pembeni ya dirisha la stempu, walikuwa wamebandika picha ya baba, na chini yake neno moja kwa herufi kubwa: GAIDI. Ndiyo kwanza nilikuwa najua kusoma. Nikalisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kwa furaha, maana baba sikuwa nimemwona siku nyingi. Mama alinifinya nikaona nyota. "Tembea," akasema. "Na usigeuke."

Watawala wakaondoka, picha ikabanduliwa, ukuta ukapakwa rangi. Haukukaa sana, ikatundikwa picha nyingine ya baba pale pale, safari hii ndani ya fremu yenye kioo, chini imeandikwa SHUJAA. Tulimpeleka akaitazame. Aliiangalia kwa muda mrefu, mikono nyuma, kisha akasema, "Kwenye ile ya kwanza nilikuwa na nywele."

Mabano alikua akiwa na ukuta ule kichwani. Kila tulipotumwa stempu aliniuliza: "Dada, aliyebadilika ni nani, baba au wenye ukuta?" Mimi namwambia anyamaze, foleni inasogea. Lakini swali lilibaki naye, na nadhani ndilo lililompeleka kusomea sheria. Kilichomlipia ni cherehani ya mume wangu. Mume wangu alikuwa fundi, na sisi sote tulimwita hivyo, Fundi, hata mimi mkewe. Alimsomesha shemeji yake kama mtoto wake, na alipomaliza alimshonea suti ya bluu iliyoiva, yenye mifuko ya ndani miwili. "Mmoja wa kalamu," alimwambia, "na mmoja wa siri za serikali."

Mabano akaajiriwa wizarani, kitengo cha mikataba, ghorofa ya tatu. Lifti ya jengo lile ilikuwa inakwama ya pili, watu wamezoea, wanashuka hapo na kumalizia kwa ngazi. Ofisini meza mbili, feni moja, na kabati lisilofunguka mpaka ulipige teke chini, upande wa kulia. Kazi yake ilikuwa hivi: nchi kadhaa zikikaa kuandika mkataba, yeye anakaa nyuma ya kibao chenye jina la nchi yetu, anahakikisha hatukubali maneno tutakayokuja kuyajutia.

Watu wa kazi hiyo wana utaratibu wao, na usipouelewa huwezi kumwelewa mdogo wangu. Hawapigi kura. Mmoja akileta maneno ambayo mwenzake hayataki, hayafutwi. Yanazungushiwa mabano, yanafungiwa humo kama mbuzi mkorofi anayetengwa na wenzake, na kikao kinasonga mbele. Mwishoni wanarudi kwa wale mbuzi. Mwenyekiti anauliza, "Kuna pingamizi?" Kama hakuna aliyenyanyua kibao chake, anagonga meza kwa nyundo ndogo ya mbao, na mabano yanaondoka. Akinyanyua hata mmoja, yanabaki. Yanaweza kubaki mpaka waliokuwa wanabishana wastaafu.

Utaratibu huo ukamfuata hadi nyumbani. Tukibishana nani apige pasi, utamsikia: "Hilo tuliwekee mabano kwanza." Fundi ndiye aliyeanza kumwita hivyo. "Shemeji Mabano," anamwambia, uzi mdomoni, mguu kwenye cherehani, "ukimpata mchumba usimfungie humo, mtazeekea ndani." Mabano anamrushia kipande cha chaki. Jina likanata, na mchumba kweli hakutoka humo mpaka leo.

Sasa nafika mahali pagumu, nitapita haraka.

Asubuhi moja Fundi alikwenda kituo cha mabasi kuchukua jora la kitambaa cha sare za shule. Kulikuwa na bomu limetegwa chini ya benchi la abiria. Nilichokikuta sitakiandika. Nitaandika tu kwamba jora lilikuwa zima, na kwamba baada ya msiba nililikata mwenyewe na kuzishona zile sare zote, kwa kipimo chake, maana watoto walikuwa wamekwisha kuahidiwa na Fundi hakuwahi kumvunjia mteja ahadi.

Waliotega walijulikana. Walijitangaza wenyewe redioni: ni wapiganaji, wana madai yao, na kituo kile ni salamu. Wakavuka mpaka. Serikali yetu ikawaomba kutoka nchi ya jirani, na mahakama ya kule ikakataa. Mabano alikuja na nakala ya hukumu, akaketi kwenye kigoda changu cha jikoni na mkoba ungali begani.

"Wanasema lile ni kosa la kisiasa, Dada. Na kwa mikataba iliyopo, mwenye kosa la kisiasa harudishwi alikotoka. Wao wenyewe pia hawamshtaki."

"Kwa hiyo Fundi alikuwa siasa?"

Alichukua ile karatasi akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa haikunjiki.

Wakati huo huo nchi za ukanda wetu zilikuwa zinaandika mkataba kuhusu ugaidi, na mtu wetu pale alikuwa yeye. Mkataba mzima ulikuwa umekamilika isipokuwa kifungu cha tatu, kinachosema gaidi ni nani. Bila hicho, vingine vyote vilikuwa havifanyi kazi.

"Yaani watu wazima na tai zao mmekaa miaka yote hiyo hamjui gaidi ni nani?" nikamwambia. "Si mje mniulize mimi!"

"Kila mmoja anajua, Dada. Tatizo ndilo hilo. Kila mmoja anajua kwamba gaidi ni wa mwenzake."

Akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Upande mmoja ulitaka gaidi awe kila mtu anayetumia nguvu, au anayechochea fujo, dhidi ya serikali. Upande wa pili ulitaka iandikwe kwamba anayepigania uhuru wa watu wake hahusiki kabisa. Walionilipulia mume wangu nao walisema wanapigania uhuru wa watu wao. Kwa maneno ya upande wa pili, wangetoka wakipunga mkono.

Kisha Mkurugenzi wake, bwana mmoja wa suti ya kijivu na haraka nyingi, akamwita ofisini. Akamwambia nchi ya jirani iko upande wa kwanza. "Tuondoe pingamizi letu tu, na mkataba unapita, na wale watu wanaletwa. Ni wauaji wa shemeji yako, mama. Sasa wewe unangoja nini?"

Mabano alinisimulia hayo jikoni kwangu, na mimi niliruka.

"Ondoa hilo pingamizi! Kesho asubuhi!"

"Dada, kwa maneno yale, walimu waliogoma mwaka juzi ni magaidi. Mwandishi wa gazeti aliyewaunga mkono naye ni gaidi. Na baba ni gaidi mpaka leo."

"Baba mzee yule! Nani atakuja kumkamata, yeye na redio yake?"

"Ukuta wa posta bado upo, Dada."

"Mume wangu hayupo!"

Birika lilikuwa linachemka hadi kifuniko kinacheza, na hakuna aliyelitoa motoni. Alichukua mkoba wake, akaondoka. Nami nikanuna. Mimi nikinuna nanuna kweli, ukoo mzima unajua. Kuna binamu yangu alikufa tukiwa bado hatujasemeshana.

Tulikutana Jumapili chumbani kwa baba, maana Jumapili mimi nabadilisha mashuka na yeye anamkata baba kucha. Wala sikumsalimu.

"Baba," nikasema, "hebu mwambie huyo mtu aondoe mkoba wake kitandani."

"Huyo mtu ana jina," baba akasema. "Na mimi si posta, msinipitishie barua."

Mabano alikuwa ameushika mguu wa baba mapajani. Akauliza bila kuinua kichwa. "Baba, mbona mlivunja daraja? Hamkuambiwa kuvunja kitu kingine?"

Baba akapunguza sauti ya redio, na hilo si jambo dogo. "Tuliambiwa stesheni. Siku ya soko, watu wamejaa kama siafu. Kamanda alisema hofu itatufanyia kazi haraka kuliko sisi wenyewe."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mle wamo wauza nyanya. Mimi sikuingia msituni kwa ajili ya wauza nyanya. Akaniita mwoga, mbele ya vijana. Mwoga! Mimi!" Miaka yote hiyo, na shingo bado ilimsimama mishipa. "Ndipo nikaenda kuvunja daraja lao, ili aone mwoga anavyofanya."

"Na mlinzi?"

Habari ya mlinzi haikuwa siri nyumbani kwetu. Mlinzi wa daraja alikuwa amelala kwenye kibanda chake. Wao walidhani amekwisha kwenda zake. Kila baada ya mavuno baba alitupeleka, mimi na mama, na baadaye Mabano, tumejitwisha mahindi, hadi kwa mjane wake. Yule mama aliyapokea mlangoni. Hakuwahi kutukaribisha ndani hata mara moja, na baba hakuwahi kuacha kwenda.

"Nataka kuandika hivi," Mabano akasema. "Anayeua watu wasio askari, au anayetega cha kuwaulia pale wanapokusanyika, arudishwe au ashtakiwe alipo. Madai yake yawe ya haki, yasiwe ya haki, yasimwokoe. Lakini pia yasiwe ndiyo kosa lake. Anayegoma, anayepinga, anayeandika, kifungu kisimguse. Ila wewe, Baba, daraja lenyewe halitakushika. Mlinzi anaweza kukushika."

Nje kulikuwa na mtu anapiga honi amefungiwa njia.

"Alikuwa na bunduki yule?" Mabano akauliza taratibu.

"Filimbi," baba akasema. "Alikuwa na filimbi tu." Akavuta mguu wake, akautazama kama si wake. "Andika."

"Baba, fikiri kwanza."

"Nimefikiri kabla hujazaliwa. Andika. Wakiniita nitakwenda nikajibu. Nipigieni viatu rangi tu, nisiende kama mchunga punda."

Nikawa nimesimama na foronya mkononi. Mzee anayekubali sheria imguse kwa ajili ya mlinzi asiye wake, na mimi nimenuna kwa kuwa haki yangu imechelewa! Nikaitandika ile foronya. "Mabano," nikasema, "umekula?"

Kikao cha mwisho kilifanyika mjini kwetu, na sisi familia za waliouawa tukapewa viti vya nyuma. Ukumbi ulikuwa wa baridi kama chumba cha kuhifadhia samaki. Nilijifunika mtandio mpaka masikioni. Mezani glasi za maji zimefunikwa kofia za karatasi. Mabano alikuwa mbele, amevaa ile suti ya bluu ya Fundi. Nilikuwa nimeipunguza kiunoni mwenyewe juzi yake. Mkurugenzi alikaa pembeni yake, amesogeza kiti kidogo, si karibu sana. Asubuhi alikuwa amemwambia: "Sikukatazi, na sikukuruhusu. Likiharibika ulikuwa peke yako." Maana yake ajira ya Mabano ilikuwa hapo mezani pamoja na glasi ya maji.

Mabano alinyanyua kibao. Akasema, "Mwenyekiti, tumeshindwa miaka yote kukubaliana gaidi ni mtu gani. Naomba leo tusimwandike mtu. Tuandike tendo." Akasoma mistari yake kama alivyotueleza chumbani kwa baba, akaongeza kwamba mkataba haumsafishi askari yeyote wa serikali anayeua raia, kwa maana askari wana sheria zao za vita na hizo zinabaki palepale.

Minong'ono ikaanza kama mvua kwenye bati. Mjumbe wa nchi ya jirani, bwana wa miwani minene, akanyanyua kibao chake. Akachukua muda kurekebisha kipaza sauti. Akatabasamu.

"Mheshimiwa mwenzangu ametusomea vizuri. Nauliza tu, kwa heshima. Baba yako si ndiye yule wa daraja? Kwa kifungu hiki chako kitamu, si angekuwa wa kwanza kupandishwa kizimbani?"

Watu wengine walicheka. Nilitaka kusimama, mama mmoja jirani yangu akanikamata mkono.

Mabano hakupandisha sauti. "Kwa daraja, hapana. Kwa mlinzi aliyekufa pale, angeitwa akajibu, na mahakama ingeamua kama alimkusudia au hakumkusudia. Nilimuuliza, Mheshimiwa. Amesema ataenda." Akamwangalia yule bwana. "Wewe mashujaa wa kwenu umewauliza?"

Kicheko kilikufa pale pale. Mwenyekiti, mama wa umri wangu mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, akauliza, "Kuna pingamizi?"

Yule bwana alikuwa amekishika kibao. Nilikiona. Kidole gumba juu, vinne chini, kama mtu anayeshika kisu cha mkate. Ukumbi mzima unakitazama. Mkurugenzi wetu anatazama dari. Mabano anatazama karatasi yake tu. Bwana wa miwani akakilaza kibao, taratibu, kikalala kifudifudi.

Nyundo ikagonga.

Sikujua kama inaruhusiwa kupiga vigelegele mle. Nilipiga. Nilifuatwa na safu nzima ya nyuma, na mwenyekiti akasema tunyamaze, lakini alisema akiwa anafuta miwani yake.

Msije mkadhani yaliisha yote. Neno lenyewe, maana kamili ya gaidi, liliachwa kwenye mabano siku ile, na kwenye ule mkataba mkubwa wa dunia nzima unaoandikwa, limo humo hadi leo. Tukiwa ngazini Mabano aliniambia, "Leo tumepata tendo, Dada. Jina bado." Mimi nikamwambia tendo linanitosha.

Na lilinitosha. Kuua kulikuwa kosa tangu zamani. Kilichokosekana ni mlango wa kuwapitishia wale watu hadi mahakamani, na mlango ule aliutengeneza mdogo wangu. Nchi ya jirani haikutaka kuwaleta, basi ikabidi iwashtaki yenyewe, kwake. Nilikwenda kutoa ushahidi. Wakili wao alizungumza juu ya madai ya watu wake, na mengine, niseme ukweli, yalikuwa ya haki. Hakimu akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia: "Madai hayo yana mahali pake. Hapa tunauliza nani aliweka kitu chini ya benchi." Nilipotajiwa jina la mume wangu na kuulizwa kazi yake, nilisema fundi cherehani, bingwa wa sare. Waliandika.

Baba hakuitwa na mtu yeyote. Lakini tangu siku ile viatu vyake vilipigwa rangi kila Jumamosi na kuwekwa chini ya kitanda, ncha zimeelekea mlangoni. Alifariki vikiwa vinang'aa. Katika mazishi alikuja bibi mmoja mzee sana, anashikwa mkono. Alikuwa mjane wa mlinzi. Tulimkaribisha ndani, akaingia.

Mwezi uliopita Mabano alistaafu. Nilipanda naye ngazi zile kumsaidia kubeba vitu, lifti bado inakwama ya pili. Kwenye meza ya jirani yake, kwa miaka mitatu sasa, anakaa binti yangu wa mwisho. Naye ni wa sheria. Tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa maneno yake. Alikuwa tumboni Fundi alipokwenda kuchukua jora.

Mabano alilipiga kabati teke la mwisho, akatoa rasimu ya mkataba wa dunia, akaiweka mbele yake. Kifungu cha maana kilikuwa kimejaa mabano ndani ya mabano.

"Hiki sasa ni chako," akamwambia.

Sindano alikitazama akapuliza mashavu. "Mama mdogo, umekaa nacho maisha yako yote. Mimi nikimalize?"

"Nani kasema ukimalize? Sikiliza. Kikao kinaanza Jumatatu. Watakuletea maneno mepesi, mazuri, kila mtu amechoka, anataka kwenda nyumbani. Mwenyekiti atauliza kama kuna pingamizi. Kabla hajauliza, uwe umeyasoma mara mbili. Mara ya kwanza yasome kama mtoto wa Fundi. Mara ya pili yasome kama mjukuu wa Mvunja Daraja. Yakipita kote kuwili, acha kibao kilale. Yakikwama hata kumoja, nyanyua."

"Na nikiwa peke yangu ukumbi mzima?"

"Utakuwa peke yako. Nyanyua."

"Na mkono ukichoka?"

Mabano alikuwa amekwisha kuvaa mkoba begani. "Una mikono miwili," akasema. "Badilisha."